Mtoto Aliyelia kwa Gitaa la Babu Yake

Luzolo alikuwa akitwanga kisamvu mtoto wake mchanga alipozinduka na kulia. Kinywani mwake ikatoka sauti ya gitaa. Jirani yake, Mama Bibiche, alitega sikio akasema uzi wa tatu umelegea. Luzolo akamjibu kwamba hata wa marehemu ulikuwa hivyohivyo.

Marehemu ni Papa Makengo, baba yake Luzolo, aliyepiga gitaa katika bendi ya Mzee Ekofo. Ndiye aliyeibuni sebene yao iliyovuma kuliko zote. Sebene ni pale waimbaji wanaponyamaza, magitaa yakakimbia, na mtaa mzima wa Matonge ukainuka kucheza, wenye baridi yabisi wakitangulia. Kwenye santuri, mtunzi aliandikwa Ekofo. Makengo alikufa akidai jina lake tu. Ndiyo maana Luzolo alimwita binti yake Sebene.

Padri Anselme alikataa. Alisema mbinguni hakuna mtakatifu wa jina hilo.

"Basi huyu awe wa kwanza, Papa Padri," alisema Luzolo. "Au huko nafasi zimejaa?"

Padri akachagua Marie-Claire.

Siku ya ubatizo Ekofo alikuja na bendi yake yote, kwa kuwa penye ubatizo hapakosi bia. Nyuma yake alisimama Pitshou, mpaza majina. Kazi yake ni kuwataja matajiri sebene inapopigwa, lakini desturi humtaka aanze na mpiga gitaa. Pitshou ni fundi. Sebene ikianza, mdomo wake haungoji ruhusa.

Maji yalipomgusa mtoto kichwani, gitaa likalia kanisa zima. Wenye baridi yabisi wakatangulia. Pitshou akautambua mkono wa mpigaji.

"Makengo! Papa Makengo wa Matonge! Sebene ni ya Makengo!"

Ekofo akamvuta koti. "Nyamaza, we. Nani kakulipa?"

"Ngoja iishe, Mzee. Sebene haikatwi."

Padri, kanzu ikimchezacheza miguuni, alimbatiza mtoto Sebene. Jina jingine lisingesikika.

Walirudi nyumbani wakicheza barabara nzima, Luzolo mbele, mtoto juu kama kombe la ubingwa. Kwenye baa ya kona redio ilikuwa ikipiga santuri ileile, na mtangazaji akakumbusha kwamba mtunzi ni Mzee Ekofo.

Sebene akafungua kinywa. Redio haikusikika tena.