Ufunguo Mtupu

Kwa miaka ishirini na minne alichonga mihuri ya mpira kwenye kibanda kilichotazamana na ofisi ya ardhi. Kwa hiyo alipoingia kwenye ofisi ya programu za kompyuta, akiwa na miaka hamsini na mmoja, walimwita Mzee Muhuri. Hakulikataa jina hilo. Alikuwa amesoma madarasa ya jioni miaka mitatu, akiomba kabla ya kila somo, na sasa alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio kama mkaguzi. Akifaulu, ataajiriwa. Asipofaulu, atarudi kibandani, ambako shemeji yake, mdogo wa mke wake, alikuwa akimshikia kiti.

Ofisi ile ilitengeneza kitu kimoja: maktaba ya programu, yaani fungu la msimbo ambalo programu nyingine hulitumia, ya kukagua tokeni. Tokeni ni kipande cha maandishi ambacho kompyuta moja huipa nyingine, kama mtu anavyobeba barua ya utambulisho. Ndani yake mna maneno yenyewe, jina la ufunguo uliotumika kutia sahihi, na sahihi. Maktaba huchukua ufunguo wenye jina hilo kutoka kwenye sanduku lake, huipiga hesabu ya sahihi upya, na zikilingana huweka alama ya kijani. Zisipolingana hukataa. Mzee Muhuri aliielewa kazi hii kuliko wenzake walivyodhani. Miaka yote ile watu walimjia wakitaka awachongee mihuri ya ofisi zisizo zao, naye alijifunza kutazama mikono yao kabla ya karatasi zao.

Wiki ya saba aligundua kosa. Tokeni ikitaja ufunguo usiokuwemo sandukuni, maktaba haikukataa. Ilichukua ufunguo mtupu, usio na hata herufi moja, ikaendelea na hesabu kana kwamba hakuna lililotokea. Na hesabu ya ufunguo mtupu yeyote anaweza kuipiga. Maana yake, yeyote angeweza kuandika barua kwa jina la mwingine, na maktaba ingeipa kijani.

Sehemu hiyo iliandikwa na mtu waliyemwita Kidole, kwa sababu alichapa kwa kidole kimoja cha kila mkono na bado akawashinda wote kwa kasi.

"Babu," Kidole alisema bila kugeuza kiti, "nani mwenye akili zake atakuja na ufunguo mtupu?"

"Mwizi."

"Mwizi gani huyo? Wa mihuri?"

Chumba kizima kikacheka. Taarifa yake ikaandikwa "si kosa", ikafungwa. Akaiandika tena, ikafungwa tena. Ya tatu Kidole aliijibu kwa sauti, wote wasikie: "Mzee wetu anaota funguo. Mpeni maji."

Ijumaa ya wiki ya kumi na moja Mkuu, yule mama aliyeongoza ofisi, alikuwa safarini. Saa nane mchana ujumbe wake ukaingia kwenye ubao wa ofisi wa kwenye kompyuta, ubao unaolindwa na maktaba hiyohiyo. "Mzee wangu, nimeridhika na kazi yako. Kuanzia tarehe mosi wewe ni mwajiriwa wa kudumu. Barua nitakupa nikirudi. Hongera." Pembeni palikuwa na alama ya kijani.

Aliusoma mara tatu. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe kinachofungua tokeni na kuonyesha jina la ufunguo. Ni kubonyeza mara moja tu. Akaurudisha. Wiki kumi na moja alikuwa amefunga na kuomba kwa ajili ya maneno haya, na sasa yamekuja, aliona kuyakagua ni kumdai Mungu risiti. Akaenda chooni, akafunga mlango, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Hakuwaona Kidole na jirani yake walivyoinamia meza wamejiziba midomo.

Jumamosi akamkabidhi shemeji kibanda. Ndivyo walivyokubaliana tangu mwanzo: kazi ikipatikana, kibanda ni cha shemeji. Alilifanya jambo hilo kwa ukamilifu, mbele ya mke wake na fundi viatu wa jirani. Akaandika karatasi, wote wakatia sahihi, akatoa visu, herufi na leseni.

"Ungengoja hiyo barua, baba," mke wake alisema.

"Neno limeshatoka, mama. Tukingoja karatasi tutaonekana hatuna shukrani."

"Dada, mwache," shemeji akadakia, huku akijaribu makali ya kisu kwa kucha. "Mtu akibarikiwa usimvute shati."

Jumatatu aliingia ofisini na shati lililopigwa pasi. Akawashukuru mmoja mmoja, hata Kidole.

"Babu, nyumbani umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wote?"

"Wote. Na kibanda nimeshatoa."

Mtu akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Kidole akavuta kiti karibu. "Hebu ifungue ile tokeni, babu. Wewe si mkaguzi?"

Akaifungua. Mahali pa jina la ufunguo paliandikwa: mwizi-wa-mihuri. Ufunguo wa jina hilo haukuwemo sandukuni, na haukuwahi kuwemo.

Mkuu alifika saa nne, akaambiwa habari yote, akawaita Kidole na mzee chumbani kwake. Kidole akaamriwa kuomba radhi.

"Samahani, babu," alisema, na safari hii hakutania. "Tulijua utaikagua. Tulitaka tu tuone sura yako ukiigundua."

"Toka," Mkuu akamwambia. Mlango ulipofungwa, akamgeukia mzee. "Taarifa zako zote tatu nimezisoma sasa hivi. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo."

"Asante, mama."

"Humu ndani ni wewe peke yako uliyeamini kwamba kijani ile inaweza kudanganya."

"Ndiyo."

"Na hukukagua."

"Sikukagua."

Mkuu akapanga kalamu zake. "Kidole hana adabu, lakini ninaye mmoja tu wa kuandika programu kama yeye. Mkaguzi anayekagua asichokitaka na kukiacha anachokitaka, huyo nimfanyie nini, mzee wangu? Niambie wewe."

Mzee akavua kitambulisho shingoni.

"Kabla hujaondoka, waandikie majaribio ya kosa hilo, programu ndogo za kulinasa. Hakuna anayelijua kama wewe."

Akarudi mezani, akaandika. Ufunguo usiokuwemo, kataa. Ufunguo mtupu, kataa. Ufunguo mfupi kupita kiasi, kataa. Akayaendesha, yote yakaonyesha nyekundu, kwani kosa lilikuwa bado limo. Kidole akaongeza mistari minne kwenye maktaba, majaribio yakawa kijani, na marekebisho yakaingia kwa jina la Kidole, kwani ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuyaingiza. Mzee Muhuri alirudisha kitambulisho mapokezi, akatembea hadi kibandani.

Shemeji alikuwa akichonga. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kisu kwenye mpira.

"Pole sana, shemeji. Watu hawana huruma kabisa."

"Sasa ile karatasi ya juzi..."

"Karatasi ipo. Nimeihifadhi vizuri."

"Nilitoa kibanda kwa ujumbe wa uongo, shemeji."

"Ujumbe ulikuwa wa uongo, nakubali." Shemeji akapuliza vumbi la mpira. "Na sahihi iliyo kwenye karatasi yangu? Ni yako au si yako?"

"Ni yangu."

"Ya kwako kabisa?"

"Kabisa."

"Basi, shemeji, tusivunjiane heshima." Akamwonyesha benchi kwa ncha ya kisu. "Kaa hapo pa wateja. Nikimaliza muhuri wa huyu bwana tutaongea."

Akakaa. Alianza sala, akafika kwenye shukrani, akakwama hapo. Baadaye kidogo akaja mteja mwingine na bahasha yake, akamwomba asogee. Akasogea.