Hema Lililooshwa Mara Saba

Hema lile lilikuwa la marehemu mume wangu, Muhamad, aliyekuwa askari. Alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Kila kiangazi alilitandaza uani, akakagua mshono mmoja mmoja, akalipaka nta ya nyuki na kuliacha juani mpaka nta iingie. Hakulikunja likiwa na unyevu. Na sabuni haikulisogelea. "Turubai ni kama bata," aliniambia. "Mafuta yake ndiyo koti lake."

Wifi yangu Hajara, dada yake Muhamad, alikuwepo kaka yake aliposema hivyo. Alikuwa anakunywa chai.

Vita vilipotutoa Jinja mwaka wa sabini na tisa, kila mtu alibeba alichoona kina faida. Mimi nilibeba hema, sufuria moja na blanketi mbili. Hajara alibeba pasi ya makaa. Nilimuuliza tunakokwenda tutampigia nani nguo pasi. Akasema mtu hawezi kuwa mkimbizi mwenye makunyanzi. Siku nne, mara kwa miguu, mara kwa lori, pasi ile ikimgonga goti. Tulipofika Busiu goti lilikuwa limevimba kama papai, na mama mmoja muuza ndizi alimkanda kwa maji ya moto bila kutuuliza sisi ni watu gani. Sijamsahau mama yule.

Tukapanga chumba Namakwekwe, Mbale. Mwaka uliofuata, mvua za masika zikiwa zimeanza, Namukose, jirani yetu wa zamani wa Nalufenya kule Jinja, akatuma habari. Nyumba yetu imeng'olewa mabati, milango na madirisha; zimebaki kuta. Kuna mtu anakitaka kiwanja aweke mashine ya kusaga. Chifu wa mtaa atapita Ijumaa ya wiki ijayo kuandika wenye viwanja, na hataandika jina la mtu ambaye hamkuti akiishi pale.

"Tutaishi wapi, na mabati hakuna?" Hajara akauliza.

"Kwenye hema."

Nikalitoa nje Ijumaa asubuhi lipigwe na upepo, nikaenda sokoni kununua kamba. Niliporudi nilikuta kitu cheupe kimeanikwa juu ya ua, kinang'aa kama kanzu ya Idi. Hajara alikuwa pembeni, mikono imekunjamana kwa maji.

"Mbwa wa mwenye nyumba alililalia," akasema. "Mate yamelijaa. Na sisi tutaswalia humo. Nimeliosha mara saba, moja kwa udongo, kama inavyotakiwa."

"Kwa maji?"

"Maji ya moto. Na sabuni ya mche. Mche mzima."

"Dini imekutaka sabuni mara saba?"

"Nimeongeza mwenyewe," akasema, kwa unyenyekevu.

Nilishika kitambaa. Kilikuwa laini kama shuka. Nta ya miaka ishirini ilikuwa imekwenda mtaroni. Nikaketi kwenye kizingiti nikayameza maneno niliyokuwa nayo, maana yangeharibu udhu.

Lilikauka, tukasafiri Jumapili kurudi Jinja. Namukose alikuwa ametufyekea nyasi ndani ya uwanja na kutuachia mtungi wa maji. Tulisimamisha hema katikati ya kuta zetu. Hajara alizikaza kamba mpaka zikalia kama nyuzi za zeze, akasema sasa limesimama kama msikiti. Nikamwambia kamba za katani zikilowa hujikaza zenyewe, azilegeze kidogo. Akasema kitu kikilegea kinaonekana cha maskini.

Mvua ilikuja alasiri. Kwanza ukungu mwembamba ukapita kwenye kitambaa. Kisha tone moja. Hajara akalifuata kwa kidole, akalibonyeza juu ili lirudi.

"Usiguse," nikasema.

Pale alipogusa pakageuka bomba. Akaona tone la pili, akaligusa nalo. Kabla sijaupata mkono wake tulikuwa na mabomba matano. Kisha kamba zikajikaza, vigingi viwili vikang'oka, na msikiti wake ukatuangukia vichwani.

Tukiwa tunapapasa mle ndani nilisikia sauti ya kiume. "Kuna mtu ndani?"

Kilikuwa Kiswahili cha kambini, cha mtu wa kaskazini. Mwaka ule, sauti ya namna hiyo ilitufanya sisi Wanubi, tuliohesabiwa watu wa serikali iliyopinduliwa, tunyamaze. Hajara alinishika mkono. Turubai likainuliwa, na tukamwona mwanamume mrefu aliyevaa sare ya magereza.

"Mimi Ojok," akasema. "Nakaa hapo nyuma. Mama, hii kamba nani alifunga hivi?"

Sikumtaja. Hajara alitazama chini.

Akaligusa turubai, akalinusa. "Hii hema imekufa?"

"Haijafa, afande. Imeogeshwa."

Alicheka mpaka akajishika mbavu, na woga wangu ukapungua. Alitupeleka kwa mkewe, Akello, ambaye alitupa nguo kavu na uji, na akatutandikia mkeka sebuleni kana kwamba alikuwa anatutazamia.

Jumanne jua likatoka. Hema lilipokauka kabisa, Ojok akaja na kopo lenye vipande vya mishumaa. Akello alikuwa akifagia kanisa, na padri alimruhusu kuchukua masalio.

"Nta ya nyuki sina," akasema. "Lakini hii itashika. Mnasugua, halafu mnayeyusha na kitu cha moto. Kambini tulitumia kijiko. Inachukua wiki."

Ijumaa ilikuwa siku tatu mbele. Nikamtazama Hajara. Yeye alikuwa anaitazama mishumaa kama anavyomtazama mbwa.

"Ya kanisani," akaninong'oneza.

"Basi ioshe mara saba."

Kisha akafungua kifurushi chake na kutoa ile pasi. Na mimi, namshukuru Mungu, sikuuliza tena inamfaa nani. Akaomba makaa kwa Akello. Mimi nilisugua, yeye alipiga pasi juu ya kitambaa kikuukuu, polepole, mshono kwa mshono, goti lake bovu likiwa juu ya tofali. Tulimaliza Alhamisi adhuhuri. Nikamwagia kopo la maji juu. Yakateleza yote chini. Nikamwagia la pili kwa sababu sikuamini.

"Ningekuwa na wanga," Hajara akasema, "lingenyooka zaidi."

Kamba alizilegeza mwenyewe.

Ijumaa mvua ilianza kabla chifu hajafika. Alikuja mbio na daftari chini ya koti, nyuma yake yule mtu wa mashine ya kusaga, wakainama na kuingia. Hajara akawapa chai. Tulikaa wanne, mvua inapiga juu yetu kama choroko kwenye ungo, na mkeka ukabaki mkavu.

"Hawa wamekuja kwa maonyesho," yule mtu akasema. "Nyumba gani hii? Kitambaa tu." Akainua kidole kukipima.

Hajara alimdaka kiganja hewani.

"Bwana," akasema, "turubai likinyeshewa haliguswi kwa ndani. Mtu anayelala humu anajua hilo."

Chifu alitazama juu, akatazama mkeka, akafungua daftari. "Jina la mwenye kiwanja?"

"Zaituni, mjane wa Muhamad," nikasema. Kalamu ikapita. "Na Hajara, dada yake. Andika wote wawili."

Hajara alijifanya anamimina chai. Chai ilimwagika mkekani, naye akainuka kutafuta sabuni. Nilikuwa nimeikalia tangu asubuhi.