Kiatu Kimoja, Tochi Mbili

Mke wa Kibogoyo aliingia dukani amekaza uso, na ndani ya kikapu chake mlikuwa na kiatu kimoja cha mumewe. Kiatu cha pili kilikuwa kimebaki barabarani, kimepondwa na gari.

Kibogoyo alikuwa fundi wa malori yanayoharibikia njiani. Jina lile alibandikwa na madereva baada ya kupoteza meno mawili ya mbele kwa kuuma tochi za chuma, kwani hakuna aliyewahi kumwona kazini bila tochi kinywani. Juzi jioni alikuwa amelala chini ya lori, miguu imetokeza nje, mwanga wote ameuelekeza kwenye nati. Gari likapita. Dereva hakuona miguu ya mtu. Tairi likakanyaga kisigino cha kiatu, kiatu kikachomoka, mguu ukapona. Fundi akarudi nyumbani na kiatu kimoja, anacheka.

Kicheko kile ndicho kilichomchoma mkewe. Mtu amechungulia kaburi, kisha anacheka! Tangu juzi masufuria ya nyumba ile yalikuwa hayawekwi chini, yanabwagwa.

Sasa yeye na mumewe walikuja kununua tochi mpya, na Kibogoyo alikwisha kuichagua hata kabla ya salamu: dubwana jeusi lililoning'inia juu ya kaunta, nene kama mchi.

"Hii, shemeji, ni LED ya kweli," muuza duka alimwambia mke. "Inapiga mpaka mlima ule. Ukimmulika mwizi anaungama mwenyewe!"

"Mwanamume anataka kitu cha kujaza mkono," Kibogoyo alisema, pengo nje.

"Mlimani unakwenda kufungua nati gani?" mkewe akauliza.

Fundi akakohoa.

"Nakuuliza wewe, baba watoto. Nati zako ziko mlimani?"

"Mama watoto, taratibu. Watu wanasikia."

"Wasikie!" Alikitoa kile kiatu akakibwaga juu ya kaunta, katikati ya betri. "Na hiki nacho kisikie, maana mwenzake hawezi tena."

Muuza duka akacheka kidogo ili kupoza mambo. Akatoa tochi ndogo bapa, yenye mkanda na sumaku mgongoni. "Basi kuna hii, shemeji. Ya kutafutia funguo kwenye pochi. Ya akina mama."

Hapo alimwaga mafuta kwenye moto.

"Fungua stoo," mwanamke alisema. "Na ndoo ya maji uilete."

Stoo haikuwa na dirisha. Alimlaza mumewe chini ya meza ya chuma, akampa spana na kuonyesha nati ya mguu wa meza. "Fungua hiyo. Anza na mchi wako."

Dubwana likawaka, stoo nzima ikawa nyeupe. Lakini halikuingia kinywani. Kibogoyo akalibana kwapani, likamulika dari. Akaliweka sakafuni, likabingirika hadi nyuma ya magunia. Spana ikamteleza na kumgonga kidevu.

"Unammulikia nani?" mkewe akafoka. "Panya?"

Kisha akaibandika ile ndogo kwa sumaku kwenye mguu wa meza. Mwanga ukatandaa kwa upole pale palipo na mikono. Nati ikatoka. Kibogoyo akaiokota, meno yake yote yaliyosalia yamepumzika.

Mama hakuridhika. Akazitumbukiza tochi zote mbili ndoani, zikiwaka.

"Shemeji, mali yangu!"

"Boksi la hili dubwana limeandikwa haliogopi maji. Umelisoma, au unaliuza tu?"

Dubwana likafifia, likazima. Ile ndogo iliendelea kuwaka chini ya maji. Akaitoa, akaiangusha sakafuni kwa makusudi, ikawaka vilevile. Muuza duka akainamisha kichwa.

"Kumbe mlima wako unazimwa na ndoo," mwanamke akamwambia. "Mvua ingemkuta mume wangu gizani chini ya lori!"

"Umenitia aibu," Kibogoyo alinung'unika kutoka chini ya meza.

"Aibu? Mimi nilibakiza kisigino kimoja tu niwe mjane, wewe unaniambia aibu?" Akabonyeza kitufe cha pili cha ile tochi ndogo, taa nyekundu ikaanza kumetameta. "Miaka yote unanunua tochi ili uone. Hujawahi kununua hata moja ili uonekane. Muuza duka, nipe nyingine kama hii. Moja kwenye nati, moja mguuni."

Alichuchumaa palepale, akaiwasha taa nyekundu ile ya pili, akamfunga kwenye kifundo cha mguu, akaukaza mkanda hadi fundi akaguna. Kibogoyo alipotambaa kutoka mvunguni, alinyoosha mkono ili aifungue. Akauona uso wa mkewe. Mkono ukarudi.

Wakatoka. Jua lilikuwa la utosi, na fundi alitangulia na taa nyekundu ikimeta mguuni.

"Kibogoyo!" dereva mmoja akapiga kelele. "Umekuwa ambulansi?"

"Muulize aliye nyuma yangu!"

Yule dereva alimtazama aliye nyuma, na hakuuliza. Mwanamke alitembea amekumbatia kikapu chenye kiatu kimoja, hasira bado zimemkaba, macho hayabanduki kwenye ile taa.