Chapa Kwenye Kiti cha Baba Soipan

Mbeke, anayeuza vitunguu kando ya kibanda chetu cha viti vya pikipiki hapa Kitengela, anasema aliona kwa macho yake mawili. Eti alikuwa Kajiado karibu na mnada wa ng'ombe, morani kumi wakasimamisha pikipiki ya Baba Soipan, wakamshusha kama gunia, wakakata kiti kwa sime mpaka sponji ikaruka kama manyoya ya kuku.

"Na wanauliza ni nani alishona," akaniambia. "Nzula, ningekuwa wewe saa hii niko Machakos."

Mbeke akisema kumi, mimi hushika wawili. Lakini alitaja kitu kimoja ambacho hangeweza kutunga. Alisema wazee walikuwa wakionyeshana chapa ya ng'ombe kwenye ngozi ya kiti.

Hiyo chapa niliijua.

Baba Soipan ni mzee wa Kimaasai, mteja wetu, na jina lake ni Saning'o. Ilikuwa 2009, ule ukame uliomaliza mifugo. Ng'ombe wake walikuwa wamepelekwa Rombo na ndugu yake, chini ya Kilimanjaro, na huko wakaanza kukohoa. Ndugu akapiga simu: leta dawa, kila siku wanaanguka wawili. Baba Soipan alikuwa na pikipiki kuukuu aliyonunua kwa wamisheni, lakini fahali alimvunja kiuno akiwa kijana. Akikaa saa moja kwenye kiti cha kawaida, anashuka akitembea kama bata.

"Entito," akaniambia, maana yake msichana kwa Kimaasai, "nitengenezee kitu cha kunifikisha na kunirudisha."

Tukaiandaa ile pikipiki siku nne. Ndugu yangu Munguti, mwenye kibanda, alichomelea keria pana na vyuma vya kushika jerikeni mbili, moja ya maji, moja ya petroli. Akainua usukani ili mzee asiiname. Mimi nikashona mabegi ya turubai ya ubavuni, na sanduku la dawa nikalizungushia gunia la kulowesha, dawa zisipate joto. Kiti ndicho kilinichukua muda. Nilimkalisha Baba Soipan kwenye mchanga mbichi, akiinuka nikatazama mifupa yake imezama wapi. Hapo nikapunguza sponji ngumu, nikajaza laini.

Kifuniko cha plastiki huchoma kwenye jua, kwa hivyo nikataka ngozi. Munguti akaniletea moja, nyekundu, bado na manyoya.

"Imetoka wapi?"

"Barabarani, huko Isinya. Alikuwa ameshakufa. Kwani wewe ulitaka azikwe na pasta?"

Niliona chapa pale pajani, duara na mstari mmoja chini. Kwetu Ukambani hata mtoto anajua: ukikuta ng'ombe wa mtu amekufa unamtafuta mwenyewe, na ngozi ni yake. Lakini ngozi iliyochomwa moto huwa ngumu, na mahali goti linaposugua panahitaji ugumu. Nikaiweka chapa hapo. Nikapiga misumari. Nikanyamaza, Baba Soipan akaondoka na dawa.

Sasa nikamwambia Munguti maneno ya Mbeke. Hakuinua kichwa.

"Shona kazi yako. Ukitaja jina langu huko, usirudi hapa."

Nikachukua koleo na wembe, nikaenda Kajiado.

Morani hawakuwepo. Kando ya zizi la mnada walikuwa wazee watatu na mama mmoja mwembamba, Nalotuesha, mjane. Pikipiki ilisimama nzima. Baba Soipan alikuwa amekaa kwenye jiwe, kiuno kimepinda, na lile gunia la sanduku lilikuwa limekauka kabisa.

"Nani amekuambia uje?" akaniuliza kwa hasira. Siku ya pili hiyo walikuwa wanamuuliza fundi ni nani, na alikataa kunitaja.

Mzee mmoja akacheka kidogo. "Kumbe ni huyu? Kiti chako ni kizuri kuliko kitanda changu. Shida ni kwamba mtu amekalia ng'ombe wa huyu mama."

"Wa maziwa," Nalotuesha akasema. "Mmoja tu aliyebaki. Alipotea akiwa anatembea. Mtu amemchinja."

"Hakuchinjwa, yeyo," nikasema, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Wewe unajua aje?" mama akauliza.

Nilimwagia gunia la sanduku maji ya jerikeni kwanza, kwa sababu dawa haiwezi kungoja. Kisha nikainua kiti, nikang'oa misumari kwa koleo, mmoja mmoja. Wembe ukanikata kidole. Nikaigeuza ngozi, upande wa nyama ukawa juu.

"Ng'ombe akichinjwa damu inatoka yote. Ngozi ndani huwa safi. Angalieni hii."

Mishipa ilionekana wazi, myeusi, imetawanyika kama mizizi. Damu iliganda ndani. Wazee wakainama. Wao ni watu wa ng'ombe, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Alikufa mwenyewe," mzee akasema taratibu. "Njaa."

"Na nani alichuna?" Nalotuesha akauliza.

Nilifikiria kibanda, na mahali nitalala.

"Ndugu yangu, Munguti. Alimkuta Isinya kando ya barabara. Na mimi niliona chapa, yeyo. Niliiona nikashona."

Mama alinigeukia. "Wiki tatu nafuata nyayo," akasema. "Nilifika Bissil kwa miguu. Kila boma nauliza, mmemwona mwekundu wangu? Na wewe ulikuwa na ngozi yake, unaipimia goti la mtu."

Baba Soipan alitazama chini.

Simu yake ikalia mfukoni. Akaitazama, hakuishika. Ikalia mpaka ikachoka. Sote tulijua inatoka Rombo.

Nikapiga magoti kwenye vumbi. "Yeyo, chukua ngozi yako. Kiti nitakifunika na leso yangu. Mimi nitabaki hapa mpaka ndugu yangu aje mwenyewe. Lakini mwache Baba Soipan aende na dawa. Mwache aende leo."

"Aende. Wewe utabaki," Nalotuesha akasema, akaikunja ngozi mapajani, manyoya juu. Akaweka kidole kwenye chapa, akaifuata, duara, halafu ule mstari wa chini, halafu akaanza tena duara.