Nati Iliyokaa Moshini

Mama Esta alifika kibandani kwangu Soni saa tatu asubuhi, ametelemka kwenye basi la Mtae, na utingo akamshushia gunia ambalo sikuhitaji kulifungua ili nijue lina nini. Magurudumu mawili madogo yalikuwa yamelitoboa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi kabla sijamkaribisha. Mimi nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia mikono.

"Mashine ya marehemu mume wangu Mathayo," alisema. "Nataka iwake. Usharika wetu wa kanisa umempa binti yangu Happiness kazi ya kufyeka makaburini, na baba yake mwenyewe yuko pale pale chini ya majani."

"Ungeipeleka Lushoto, mama. Siku hizi wapo mafundi wazuri kuliko mimi."

"Mathayo alikataza. Wiki yake ya mwisho, sauti haitoki vizuri, aliniambia mashine hii asiifungue mtu ila Alphonce wa Soni."

Alphonce wa Soni ni mimi.

Niseme yote mapema, maana sipendi watu wanaozungukazunguka. Miaka kumi na miwili iliyopita, marehemu Mathayo alikuwa mtunza bustani wa nyumba moja ya wageni huko juu Lushoto, na mimi ndiye niliyeitwa kumtengenezea mashine yake ya kukatia majani. Nilitoa kisu cha chini, nikakinoa, nikakirudisha. Nilifanya haraka na kwa hasira, kwa sababu meneja alikuwa amenisimamia kichwani akiangalia saa, na mimi mtu akinisimamia kichwani huwa naharibikiwa. Jioni, nikiwa nyumbani, nikakuta washa mfukoni. Ilikuwa washa ya springi, ile pete ya chuma iliyokatwa sehemu moja, inayokaa chini ya nati ili isilegee mashine ikitetemeka.

Nilijiambia ni ya mashine nyingine. Nikajiambia pia kwamba Jumatatu nitapanda kwenda kuhakikisha. Jumamosi kisu kikacheza, kikapiga jiwe, na jiwe likaruka likavunja kifundo cha mguu wa Mathayo. Wenye nyumba walisema ni uzembe wake, kapitisha mashine kwenye mawe bila kutazama. Wakamwachisha kazi na kumpa mashine yenyewe iwe kifuta jasho, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuishika. Akarudi kwao Mtae akichechemea, na hivyo hivyo akachechemea mpaka Juni mwaka jana alipofariki. Sikwenda kumzika. Nilituma rambirambi kwa simu, nikaweka simu mfukoni, nikaendelea kunoa mapanga ya watu.

Washa sikuitupa. Iko kwenye kopo la misumari, rafu ya juu, na sijui kwa nini niliitunza.

Kwa hiyo gunia lile lilikuwa na jibu ndani yake. Ikiwa chini ya nati hakuna washa, mguu wa Mathayo niliuvunja mimi. Na yeye mwenyewe, akiwa anakata roho, alikuwa ameniletea nifungue kwa mkono wangu mbele ya mke wake.

Nikaitoa mashine. Ilikuwa nyeusi yote, imegandiwa na kitu kinene kinachong'aa, na harufu ya jiko ikajaa kibandani.

"Mama, hii ilikaa wapi?"

"Darini, juu ya mafiga. Penye mbegu ya mahindi."

"Juu ya moto?"

"Mbegu yangu haijawahi kuharibika pale," alisema, na uso wake ukaonyesha kwamba mjinga ni mimi. "Kwa nini chuma kiharibike?"

Nilitaka kumfokea nikashindwa. Kwetu milimani kila kitu cha maana kinapanda juu ya moto: mbegu, mpini mpya, hata hati ya shamba ndani ya mfuko wa nailoni. Ukungu unaooza kila kitu huku nje haufiki pale. Lakini mashine ya petroli kuifukiza miaka kumi na miwili sijawahi kuona, na nimeona mengi.

Nikaanza kazi. Nikachomoa waya wa plagi, maana mashine ya namna hii ukikisukuma kisu injini inaweza kushtuka na kukukata vidole. Nikafungua tangi, kavu kabisa, nikaliweka mbali nje. Nikailaza mashine ubavu, nikakibana kisu na kipande cha gogo kisizunguke. Nati ilikuwa katikati, donge jeusi tu, pembe zake hazionekani. Nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaimwagia mafuta ya taa, nikasubiri.

Kusubiri ndiko kulikonimaliza. Mama Esta hakuwa mtu wa kukaa kimya.

"Mathayo alikuwa mwema," alisema, "lakini mzembe. Kazi ya mshahara kila mwezi, anaipoteza kwa jiwe. Mimi nilimwambia. Nilimwambia kila nilipomwona anapanda mlima na mguu ule. Mtu mzima unapitishaje mashine juu ya jiwe?"

"Yeye alijibu nini?"

"Hakujibu. Angejibu nini?"

Nikavisha soketi, ile spana ya kikombe, kwenye nati, nikavuta. Hakuna. Nikachomeka bomba kwenye mpini ili nipate nguvu zaidi, nikavuta tena polepole, na bolti ikalia mlio mwembamba ambao kila fundi anaujua. Ukiongeza kidogo tu baada ya mlio ule, bolti inakatika, na bolti ya mashine ile haipatikani Soni wala Tanga. Nikaachia. Mgongo ulikuwa umeloa jasho na nje kulikuwa na baridi.

Hapo nikaitazama grainda.

Sitajisafisha. Niliitazama kwa sababu nilijua itafanya nini. Grainda inaikata nati pamoja na chochote kilicho chini yake, dakika mbili, cheche na vumbi, halafu hakuna mtu duniani atakayejua kama washa ilikuwepo au haikuwepo. Ningenunua nati mpya, ningeweka washa mpya, mashine ingewaka, mama angepanda basi lake. Umeme ulikuwepo. Nikaichukua, nikachomeka.

"Ndiyo dawa yake hiyo?" Mama Esta aliuliza.

"Nati ikishindikana kabisa, mama, inakatwa."

"Haya. Wewe ndiye unayejua. Ndiyo maana alisema uwe wewe."

Nikainama na grainda mkononi. Kwa mazoea tu, mazoea ya kutazama kabla ya kukata, nikakwaruza lile donge kwa ncha ya msumari. Likabanduka gamba, na chini yake chuma kikang'aa. Nikakwaruza upande wa pili. Kinang'aa. Hapakuwa na kutu hata chembe. Moshi uliigandisha nati kwa lami yake, na lami hiyo hiyo ikaikinga. Yule mama na mbegu zake alikuwa sahihi kuliko mimi, na hilo liliniudhi.

Sasa nati nzima haikatwi. Mimi ni mwoga, hilo mmeshaliona, lakini sijawahi kukata nati nzima, na siku ile sikuweza kuanza. Nikachomoa grainda.

Nikaweka kipande cha chuma kwenye jiko la mkaa mpaka kikawa chekundu, nikakishika kwa koleo, nikakikandamiza juu ya nati. Lami ikaanza kutoa moshi, ikalainika, ikachuruzika. Nikagonga pembe za nati kwa nyundo ndogo, taratibu, kuzunguka. Kisha nikavisha soketi na kwanza nikakaza kidogo, sikulegeza, kwa sababu nati iliyoganda ukiisukuma mbele unywele mmoja inakubali kurudi. Ikasogea. Nikarudisha nyuma. Ikaja.

Nikaizungusha kwa vidole mizunguko ya mwisho, na nusura nimwombe Mungu isiishe kamwe. Nati ikatoka. Chini yake palikuwa na washa.

Nilicheka kwa sauti. Miaka kumi na miwili iliniondoka mabegani kwa mara moja. Ilikuwepo! Ile ya mfukoni ilikuwa ya mashine nyingine kweli, na mimi nimejitesa bure, nimekosa hata mazishi ya mtu kwa ajili ya kipande cha chuma.

"Unacheka nini?" Mama Esta aliuliza.

"Imefunguka, mama."

Nikaichukua washa niifute, na kicheko kikanikauka mdomoni. Ilikuwa mpya. Washa ya springi ikifanya kazi siku moja tu, ncha zake zinalala na kuchimba alama kwenye chuma. Hii ncha zake zilikuwa kali bado, na kwenye kisu hapakuwa na mchimbo wowote, isipokuwa mkwaruzo mpana wa duara, mkwaruzo wa nati iliyocheza ikiwa peke yake. Nikaigeuza nati kwenye mwanga. Pembe mbili zilikuwa zimetafunwa na spana malaya, ile inayojipanua kwa nati yoyote. Tangu nianze ufundi sijagusa nati kwa spana malaya, kila mtu Soni anajua ninavyoitukana.

Mathayo alikuwa ameifungua. Alirudi kwao na mguu wake uliovunjika, akaifungua nati, akaona kilichokosekana, akatafuta washa, akaiweka, akakaza kwa nguvu zake zote. Kisha akaipandisha mashine juu ya moto na kukaa chini yake maisha yake yote yaliyobaki akiitwa mzembe. Mtu mwingine yeyote angefungua asione kitu. Mimi tu ndiye ningejua kwamba alijua.

"Vyote vimo?" Mama Esta aliuliza. Alikuwa amesogea, amesimama nyuma yangu.

"Vimo."

"Basi ni jiwe kweli." Alishusha pumzi. "Ulikuwa uzembe wake. Unajua, tangu afe nimekuwa nikijiuliza kama nilimwonea."

Ningeweza kunyamaza. Marehemu alikuwa ameninunulia ukimya huo kwa bei yake mwenyewe, na kazi yangu ilikuwa kufunga tu. Badala yake nikanyoosha mkono rafu ya juu, nikateremsha kopo, nikamwaga misumari yote mezani na kuitafuta ile washa nyingine. Nikamwekea kiganjani.

"Ulimwonea, mama," nilisema. "Hii ndiyo iliyokuwa ikae pale siku ile. Nilibaki nayo mfukoni."

Nikamweleza yote, kuanzia meneja na saa yake mpaka spana malaya. Alipoelewa, alikaa chini kwenye sakafu ya kibanda, mama wa miaka sabini na ushee, na akasema kwa Kishambaa maneno ambayo hakuniambia mimi, alimwambia mumewe. Nilisimama na kopo tupu mkononi nisijue pa kuliweka.

Kisha akanyanyuka. Akaichukua washa ya Mathayo mezani, akaifunga kwenye pindo la khanga. Ile ya kwangu akanirudishia.

"Weka hiyo. Nataka nikuone ukiiweka."

Nikaiweka. Nikarudisha nati, nikakaza.

"Nilimsema mbele ya watu," alisema. "Kisimani nilimsema. Kanisani nilimsema. Na wewe utayasema haya huko huko. Basi la Mtae linapita hapa saa saba. Maliza, nawa mikono, chukua koti lako."