Msusi Hajaribii Kichwa cha Mwenzake

Wifi yake msusi alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Aliingia saluni alasiri, akajitupa kwenye kiti cha wateja, akamsikilizisha msusi sauti ya mtu fulani kwenye simu: eti peroksaidi, ile ya kung'arishia nywele, ikichanganywa na maji, ikatiwa kwenye nebulaiza, mashine ya kuvutia dawa ya pumu, huosha mapafu na kufukuza pumu kabisa.

"Dawa za hospitali zinamfanya mtoto atetemeke, hujaona?" wifi alisema. "Na hiyo peroksaidi imejaa tele hapo rafuni. Mungu akupe nini tena, wifi yangu?"

Binti wa msusi, mwenye miaka sita, alikuwa amelazwa nyuma ya pazia, kifua kikipiga filimbi tangu asubuhi. Dawa aliyoandikiwa ilikuwepo, lakini mwaka wa pili sasa mtoto alikuwa akipona leo na kuugua kesho, na mama alikuwa amechoka kuliko alivyokubali kusema. Mtu aliyechoka huamini upesi. Tusimcheke, maana nasi tuna yetu.

Msusi akachukua chupa ile ya peroksaidi, akaichanganya na maji kwa jicho, kama anavyochanganya rangi, akajaza kikombe cha mashine. Mashine ikaanza kunguruma. Mtoto akanyoosha shingo kupokea maski, kama alivyozoea.

Mkono wa msusi ukasita. Kwa miaka kumi na mitano hakuwahi kumpaka mteja rangi mpya kabla ya kujipaka mwenyewe kwenye kifundo cha mkono na kungoja. Hata mteja awe na haraka ya harusi, atangoja.

"Subiri kwanza," alisema, akajivika maski.

Pumzi ya kwanza ilimkereketa koo. Ya pili ilimwashia moto kifuani. Ya tatu hakuimaliza. Aliitupa maski sakafuni, akainama akikohoa mpaka machozi yakamtoka. Wifi alipiga ukelele utadhani yeye ndiye aliyeungua. Msusi akachomoa waya ukutani, akambeba mwanawe mgongoni, akavuka barabara hadi zahanati huku akikohoa njia nzima.

"Mtoto amevuta kiasi gani?" nesi aliuliza baada ya kusikia habari yenyewe.

"Hata tone."

"Una hakika?"

"Nilianza mimi."

Nesi alishusha pumzi. Akamwekea mtoto dawa yake halisi kwenye mashine safi, na mama akawekewa oksijeni kiti cha pili. Kisha akawakemea wote wawili, mama na wifi aliyefika akihema, viatu mkononi.

"Maji yale yanachubua hata ngozi ya kichwa, sembuse mapafu! Juzi kuna aliyemtilia mwanawe mafuta ya mkaratusi. Mwingine chumvi ya jikoni. Mashine hii inapeleka kila kitu moja kwa moja ndani. Humo huingia dawa aliyoandika daktari, basi. Na ile yenu msiiwashe mpaka nimewapa kikombe na maski mpya."

"Mimi niliambiwa tu," wifi alinong'ona, akitazama vidole vyake vya miguu.

Robo saa baadaye nesi alipima vifua vyote viwili. Cha mtoto kilikuwa kimefunguka. Cha mama kilikuwa na mchubuko mdogo tu. Akae chini ya macho yao mpaka jioni, atapona.

Mtoto akavua maski, akamgeukia shangazi yake. "Shangazi ukileta tena dawa ya kwenye simu uvute wewe mwenyewe ukohoe wewe mwenyewe umwache mama yangu kwa sababu mimi sina mama mwingine!"

Wifi alitahayari. Nesi aliuma mdomo asicheke. Msusi yeye hakusikia hata ukali wa maneno yale. Alisikia tu kwamba mwanawe ameyasema yote, toka mwanzo hadi mwisho, kwa pumzi moja, na akaanza kulia kwa furaha.