Kigoda Kilichoinuka na Mwalimu Baffoe

Siku ile mpumbavu alikuwa Mwalimu Baffoe, na hajawahi kukana. Ukimuuliza hata leo atakwambia mwenyewe, huku akicheka hadi kofia imdondoke: "Wapumbavu uwanjani tulikuwa wengi, ila mimi ndiye niliyekuwa na ushahidi nyuma yangu."

Chuo cha ufundi cha Nkwantanim kilikuwa kinapigania paa lake. Ghala kuukuu la kakao, makao yake tangu mwanzo, lilikuwa linatamaniwa na Mzee Duodu wa baraza la Nana, mtawala wa mji. Nana aliahidi kuamua mbele ya watu, siku ya sherehe ya chuo. Walimu wakamteua Baffoe aseme. Kazi yake ni useremala, lakini katika karakana nzima hakuna randa kali kama ulimi wake.

Asubuhi hiyo Serwaa, mwanafunzi aliyechonga kigoda cha kumzawadia Nana, alimsihi.

"Mwalimu, vanishi inatosha jamani! Ya jana ndiyo kwanza imekauka."

"Mkono mmoja tu, binti. Nana ajitazame humo kama kwenye kioo."

Akapaka. Serwaa akaguna, akakilaza kigoda ubavu, kama kinavyolazwa kila kigoda kisicho na mtu, mzimu mpita njia usije ukajikalia.

Basi Nana akafika chini ya mwavuli wake, ngoma zikalia. Nana hasemeshwi moja kwa moja. Baffoe alimwambia msemaji wake, msemaji akamfikishia Nana, na kila neno lilifika likiwa limenona.

"Mwambie Nana, chuo alikianzisha Maame Botwe, mshonaji, kwa cherehani moja na wasichana watatu waliofukuzwa kwao."

"Nana, chui wa msitu! Wanasema cherehani ile ilinguruma, umaskini ukavuka mto bila kukunja nguo!"

Uwanja ukalipuka. Damu ikamchemka Baffoe.

"Mwambie walishona sare za kwaya, pesa yake ikanunua misumeno. Waliojifunza kwa misumeno hiyo ndio walioliezeka ghala hili, lilikuwa linavuja kama kikapu!"

"Nana, wanasema mvua yenyewe iliomba radhi!"

"Na mwambie sharti la Maame Botwe halijabadilika: hatoki mtu hapa mikono mitupu, wala hauzi kitu ambacho yeye mwenyewe angeogopa kukitumia!"

Hapo ndipo mdomo ulipokiponza kichwa, na siyo kichwa peke yake. Baffoe alikishika kigoda kilicholala, akakisimamisha, akajibwaga juu yake pwaa!

"Kazi yetu inabeba!"

Ngoma zikanyamaza. Kigoda cha Nana, na Nana mwenyewe hajakigusa! Baffoe alizinduka, akaruka wima. Kigoda nacho kikaruka naye.

"Mwalimu, tulia nikubandue!" Serwaa akakidaka mguu.

"Usivute! Suruali ya harusi hii!"

"Nilikwambia inatosha!"

Wakazunguka uwanja mzima, yeye mbele, kigoda katikati, binti nyuma. Mpiga ngoma mmoja akashindwa kujizuia, akawapigia mdundo. Hata mwavuli wa Nana ulikuwa unatikisika, na upepo haukuwepo.

Mzee Duodu peke yake hakucheka. Akasimama, fimbo juu.

"Mmeona? Kigoda cha Nana kinakaliwa na seremala! Adabu hawana, hata kukausha vanishi hawajui. Hicho ni chuo? Waondoke, nipewe ghala nihifadhi kakao yangu!"

Kicheko kikakatika. Serwaa akaachia mguu wa kigoda. Baffoe akainamisha kichwa, kigoda kikatazama mbinguni.

Nana akamgeukia mama malkia wa mji, Nana Ohemaa, ambaye hakuna shauri linalokatwa bila neno lake. Mama alikuwa anafuta machozi ya kucheka kwa upindo wa kitenge. Akamaliza kufuta taratibu.

"Ghala ni la chuo," alisema. "Na wewe Duodu, kiti cha baraza umekikalia tangu mimi naota meno, kila tukikwambia inuka uwapishe wenzako, hubanduki. Huyu ameshikwa na vanishi. Wewe umeshikwa na nini?"